Umepata Mboka Silibwet? Soma Hii Kabla Utume Dipoziti ya Keja

Simu imeingia Alhamisi jioni. Umechukuliwa. Ripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, beba vyeti na kopi ya kitambulisho. Umeruka, umepigia mathe, umeweka status. Halafu ukauliza Google Silibwet ni wapi, na hapo ndio furaha ikashuka kidogo, juu una siku tatu, hujui mtu huko, na kwa M-Pesa uko na nauli na kitu kidogo ya kukopa.

Tulia. Watu mob wamepitia hapo kabla yako, walimu, manesi, makarani wa viwanda vya chai, wasee wa kuuza bima. Wengi walikosea kitu moja, na mimi ni mmoja wao: waliangalia bei ya keja, hawakuangalia barabara ya kufika kwa keja. Hii makala ni ya kukusaidia usirudie.

Silibwet ni senta iko Bomet Central, kaunti ya Bomet, kilomita chache kutoka Bomet mjini. Ukitoka Nairobi unashuka Mai Mahiu, unapita Narok, Mulot, Longisa, unaingia Bomet, hapo ndio unabadilisha unapanda mat ama Probox ya Silibwet. Ukitoka Kericho unapita Litein na Kapkatet, unakata kushoto Kaplong, unakuja Bomet. Ni sehemu ya majani chai, baridi ya asubuhi ni ya ukweli, na mchana ukiona jua kali usidanganyike, jioni mvua inaweza kukupata bila koti.

Mbona kuna kazi huko? Kwanza kuna Tenwek, hospitali ya mishonari iliyoanza 1937, kubwa kiasi kwamba wagonjwa wanatoka kaunti zingine, na siku hizi inajulikana kwa upasuaji wa moyo. Iko kando ya mto Nyangores, na huo mto una maporomoko ambayo hospitali imeyatumia kutengeneza stima yake kutoka miaka ya 1980. Pili kuna viwanda vya chai vya KTDA upande huo wa Bomet, kama Tirgaga na Kapkoros. Tatu kuna shule, na TSC haiulizi kama una keja kabla ikuposti. Halafu Bomet mjini kuna ofisi za kaunti, benki, na chuo kikuu kishiriki ambacho wanafunzi wake nao wanatafuta singo kama wewe.

Weka hiyo ramani kwa kichwa. Keja yako itategemea uko upande gani wa hayo maeneo, na saa ngapi unatakiwa kuwa kwa gate.

Hesabu ya kwanza: bei ya keja si kodi peke yake

Bei ya ukweli ya keja ni kodi, jumlisha nauli, jumlisha masaa unapoteza njiani. Tuchukue mfano. Umepata singo Bomet mjini, thao nne. Nauli ya kupanda Silibwet tuseme soo moja, kurudi soo moja. Unafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 5,200. Kumbe keja yako si ya thao nne, ni ya 9,200. Kuna ingine Silibwet penyewe ya thao tano, unatembea dakika kumi hadi kazini. Kwa mdomo hii ya pili ndio ghali. Kwa mfuko inakuokolea 4,200 kila mwezi, na bado haujahesabu ile siku mat inakaa steji nusu saa ikingoja kujaa.

Namba ni za mfano, nauli hupanda na kushuka. Weka zako. Lakini usiwahi sema "hii keja ni poa" kabla uzidishe nauli mara mbili mara siku za kazi.

Sasa weka hiyo kando ya mshahara. Walimu intani wa JSS walipoanza 2023 walikuwa wanapewa 20,000 kwa mwezi, wa primary 15,000. Na hiyo 20,000 haifiki mkononi ikiwa nzima. Mtu wa mshahara wa 20,000 anakatwa SHIF asilimia 2.75, hiyo ni 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo ni 300. NSSF asilimia 6, hiyo ni 1,200. Unabaki na 17,950. (Ndio, unakatwa pesa ya nyumba za serikali huku ukitafuta nyumba. Cheka tu.) Ukitoa 9,200 ya kulala na kusafiri, umebaki na 8,750 ya kula, tokeni, bando, na ile ya kutuma nyumbani ambayo hakuna mtu hukuambia iko kwa kandarasi lakini iko.

Na mwezi wa kwanza ni mbaya zaidi, juu landi anataka kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi kabla upewe kifunguo. Keja ya thao tano ni thao kumi siku ya kwanza. Ongeza godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili, ndoo, kufuli. Halafu mshahara wa kwanza kwa kazi mpya una tabia ya kuchelewa. Kama una thao kumi na tano ya kuanza maisha, keja ya thao tano si yako, hata kama mshahara unaweza kuilipa baadaye. Tafuta ya tatu, ama ongea dipoziti ilipwe mara mbili. Huko mashinani landi anaweza kukubali hiyo, hasa akishajua umeandikwa wapi.

Vile murram ilinifunza

Niliacha chuo mwaka wa pili juu fee ilikataa kulipika. Nikapata kazi ya kuingiza data kwa ofisi moja upande huo wa Bomet, jina tuache. Ilikuwa Februari. Nikaonyeshwa singo ya 1,800, safi, sakafu ya simiti, maji ya tenki, landi mzee mpole aliyenipa mursik siku ya kwanza. Ilikuwa kama kilomita nne ndani kutoka lami. Nikajiambia mimi ni kijana, nduthi ni finje, kwani iko nini.

Wiki tatu nilikuwa nafika kazini mapema nikipiga picha za majani chai. Halafu Machi ikaingia.

Kama hujawahi kuona udongo mwekundu wa hizo ridge ukinyeshewa siku nne mfululizo, sikuelezi. Nduthi ya finje ikawa ya soo na finje, na hiyo ni kama dere amekubali kuja. Asubuhi zingine hakukuwa na mtu. Nilitembea na viatu kwa mkono, nikafika saa tatu na dakika ishirini, suruali imeiva matope hadi magoti, na bosi akaangalia saa ya ukuta bila kusema kitu. Barua ya kwanza ya onyo ilikuja wiki hiyo. Ya pili ikaja Aprili. Ofisi hiyo barua ya tatu ilikuwa ya kwenda nyumbani, na kila mtu alijua.

Mwisho wa Aprili nilikaa chini nikapiga hesabu: kodi 1,800, nduthi 5,400. Singo kando ya lami ilikuwa 3,500. Nilihama tarehe 9 Mei nikiwa nimelipa mwezi mzima pale kwa mzee, hiyo pesa ikaenda, na sikuwa na mdomo wa kumdai. Kosa halikuwa lake. Nyumba yake ilikuwa vile alisema.

Kwa hivyo ukienda kuona keja Januari ama Februari, barabara ikiwa ngumu kama chapo ya jana, uliza watu wa hapo maswali mawili. Mvua ikinyesha, gari hufika hapa? Na nduthi ya saa kumi na mbili asubuhi huwa pesa ngapi? Usimuulize landi. Uliza mama wa kioski, ama mwanafunzi wa sekondari anayetembea hapo kila siku. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, lakini huko juu hata miezi mingine haikuachi.

Keja za huko zinakaa aje

Kuna kitu lazima uelewe kuhusu Silibwet ndio usishangae. Kericho, kwa mashamba makubwa ya kampuni, mfanyakazi hupewa nyumba ndani ya shamba. Imekuwa hivyo tangu siku za Brooke Bond miaka ya 1920. Ukienda huko kuajiriwa na kampuni, uliza kuhusu hizo nyumba kabla utafute ya nje. Ni rahisi, iko karibu na kazi, lakini shida yake ni moja na ni kubwa: nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, na hizi siku mashine zinachuma majani, kazi za kuchuma zimepungua. Kuna familia zimepoteza mshahara na paa kwa barua moja. Kama una njia, usiweke vitu vyako vyote na watoto wako wote kwa nyumba ya kampuni bila kuwa na pahali pengine pa kuangukia.

Silibwet ni tofauti. Huko chai ni ya wakulima wadogo wanaopeleka majani kwa kiwanda cha KTDA. Hakuna laini ya kampuni ya kukungoja. Ploti za kukodi zimejengwa na watu kwa shamba lao, mwalimu aliyestaafu, nesi, mkulima aliyepata bonasi nzuri mwaka fulani akaamua kujenga vyumba sita kando ya barabara. Maana yake ni mbili. Moja, vyumba si vingi, kwa hivyo vile viko karibu na Tenwek na kando ya lami huisha haraka. Pili, landi wako mara nyingi anaishi hapo hapo kwa boma. Hakuna ile ya Nairobi ya kujua landi kwa jina la Paybill. Atakuona ukitoka, atakuona ukirudi, na atajua ni nani alikutembelea Jumamosi.

Hiyo ina uzuri wake. Landi wa boma anaweza kukungoja siku tano mshahara ukichelewa, kama ulimwambia mapema badala ya kujificha. Maziwa unanunua hapo hapo kwa mlango. Mboga hautawahi nunua kwa bei ya Nairobi. Ubaya ni kwamba gate inaweza kufungwa saa tatu usiku na hakuna cha kusema, spika lako la Bluetooth litakuwa kesi ya boma nzima, na kama unafanya shifti ya usiku hospitali lazima mkubaliane mapema nani anafungua. Ongea hiyo siku ya kuona nyumba, si siku umegonga gate saa saba usiku na mbwa wako macho.

Kwa aina, utakuta singo za mabati, singo za mawe, na bedsita chache zenye choo na bafu ndani. Mabati ni bei rahisi lakini kumbuka baridi. Usiku wa Julai kwa chumba cha mabati bila dari utakufanya ununue blanketi mbili, na hiyo nayo ni pesa. Mvua ikipiga hayo mabati hausikii simu. Kama kazi yako ni ya kupiga simu ukiwa nyumbani, ruka.

Fika kwanza, lipa baadaye

Njia poa ya kupata keja huko ni ya kizamani: fika, lala usiku mbili pahali pa bei nafuu Bomet mjini, na utembee. Ongea na ofisi yako mpya uombe kuripoti Jumatatu ukiwa umefika Ijumaa. Jumamosi asubuhi panda hadi Silibwet, shuka steji, anza kuuliza.

Nani wa kuuliza? Watu wa nduthi wa steji wanajua kila chumba kiko wazi, lakini wanajua pia ukikaa mbali wao ndio wanakula. Mama wa duka la karibu na ploti ndiye mkweli zaidi, juu atakuuzia mkate kama utahamia. Wenzako wapya kazini ni dhahabu: nesi anayehama anaacha chumba, na landi anapenda mpangaji aliyeletwa na mpangaji. Kama ni shule, ongea na mwalimu mkuu. Shule zingine ziko na nyumba za walimu ndani, na hata kama zimejaa, yeye ndiye anajulikana na wazee wa boma zote za karibu. Kama unaenda kanisa, Jumapili baada ya ibada ni soko la taarifa kuliko mtandao wowote.

Na usiingie kwa boma ya mtu ukiuliza "bei gani?" kama uko Gikomba. Salimia. Kipsigis wanasema "Chamgei", wakikusalimia hivyo jibu "Chamgei mising". Ukipewa kitu, "Kongoi". Hayo maneno matatu hayapunguzi kodi, lakini yanabadilisha vile unaangaliwa. Mzee ni Mzee, mama ni Mama, umpate jina la mtoto wake wa kwanza ulitumie. Jieleze: natoka wapi, nimeandikwa wapi, nitakaa na nani. Kwa sikio la Nairobi hayo ni maswali ya polisi. Huko ni heshima, na wakikunyima chumba mara nyingi ni juu hukujieleza.

Kama lazima utafute ukiwa mbali, Facebook na makundi ya WhatsApp yako, lakini hapo ndipo watu wanakulwa fare. Mimi kabla ya ile singo ya mzee nilikuwa nimeshachezwa. Ajenti wa mtandaoni, picha tatu za bedsita ya tiles, akaomba 500 ya kuonyesha nyumba halafu 3,000 ya "kushikilia juu kuna mdosi mwingine anataka leo". Nikatuma. Nilipofika Bomet namba ilikuwa imezimwa, na mtu wa steji akacheka akaniambia hiyo nyumba ya kwa picha iko Ruaka.

Jilinde hivi. Mtu akikuambia kuna mwenye anataka kulipa saa hii, mwambie ampe huyo. Omba video akitembea kutoka barabarani hadi ndani ya chumba bila kukata, afungue mfereji na awashe taa. Kama una rafiki ama mwenzako mpya huko, mtumie aende aone. Ukifika kulipa, angalia jina M-Pesa inakuonyesha kabla pesa iende. Kama landi ni Mama fulani na jina linalotokea ni la kijana mwingine, uliza kwanza. Na kama umeshatuma na umeshtuka, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 hiyo dakika. Kurudishiwa kunawezekana pesa ikiwa bado iko kwa laini yake. Akishatoa, umebaki na hadithi.

Ukiwa ndani ya chumba

Maji kwanza. Huko mvua iko, kwa hivyo ploti nyingi zina tenki la kuvuna maji ya paa. Uliza tenki likiisha wanachota wapi na ni nani anabeba. Mto uko chini ya ridge, na ndoo ya lita 20 kupanda nayo si mazoezi unataka saa kumi na moja asubuhi.

Stima ndio ina mtego watu wengi hawaoni. Kama vyumba sita vinatumia mita moja, Kenya Power haijui mko sita. Bei ya uniti inategemea mita imetumia ngapi kwa mwezi: chini ya uniti 30 ni ya chini, 30 hadi 100 inapanda, juu ya 100 inapanda tena. Ukiwa na mita yako, singo yenye balbu, simu na redio inaweza kukaa kwa ile ya chini. Mkiwa sita kwa mita moja, mnaingia ya juu pamoja, na yule jamaa wa chumba namba nne mwenye hita ya maji anakulipisha. Kwa hivyo swali si "stima iko?" Swali ni "mita ni yangu?" Kama ni ya kushea, uliza wanagawana aje na uombe iingizwe kwa kodi kama inawezekana.

Choo: hesabu ni vyumba vingapi kwa choo kimoja, na utembee hadi hapo uone njia usiku itakuwa aje. Mtandao wa simu: washa data ukiwa ndani, mlango umefungwa. Kwa hizo ridge unaweza kuwa na 4G kwa uwanja na sifuri kitandani. Dirisha: sukuma. Mlango: kufuli ni yako, badilisha siku ya kwanza hata kama keretaka anaapa hakuna mwenye kifunguo kingine.

Sheria iko upande wako kidogo kuliko unavyodhani

Fungua barua yako ya kazi sasa hivi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri anatakiwa akupe nyumba nzuri ya kutosha karibu na kazi, ama akulipe pesa ya kutosha ya kodi juu ya mshahara. Hayo ndiyo marupurupu ya nyumba. Kuna mlango wa kutokea: kama kandarasi inasema mshahara wako umejumuisha ya nyumba ndani yake, basi wameshalipa. Kwa hivyo soma. Kama hakuna mahali popote nyumba imetajwa, si ndani ya mshahara si nje, hilo ni swali halali la kuuliza kwa upole kabla ya kusaini. Watu wengi wa umri wetu husaini wakiogopa kazi itapotea wakiuliza. Uliza tu, "Mshahara huu umejumuisha ya nyumba ama ni kando?" Jibu lenyewe litakuambia utafute keja ya bei gani.

Ya pili ni ya landi. Kuna sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Cap 296, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Nairobi watu wanaicheka juu hiyo bei imebaki ya enzi. Lakini kwa senta za mashinani chumba cha chini ya hiyo si hadithi, kwa hivyo inaweza kukuhusu wewe kuliko msee wa Kilimani. Nyumba ikiwa chini ya hiyo sheria, landi hawezi kukutoa ama kupandisha kodi vile anataka bila kupitia kwa jopo la kodi. Na kodi iwe ngapi, kufungiwa mlango na kufuli vitu vikiwa ndani bila amri ya korti si njia ya sheria.

Sikuambii ukimbie kortini na mzee wa boma. Ukishafika hapo na landi anayeishi mita kumi kutoka kitandani kwako, umeshapoteza keja hata ukishinda kesi. Chifu na wazee wa hapo husuluhisha mengi kabla. Ninakuambia ujue, ndio mtu asikutishe na vitu havipo.

Kwa hivyo andikeni. Karatasi moja ya kitabu cha mraba inatosha: majina, namba za kitambulisho, kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi na itarudishwa lini, maji na stima nani analipa, notisi ni ya siku ngapi, gate inafungwa saa ngapi. Msaini wote wawili, kila mtu apige picha. Siku ya kuingia piga picha ya kuta, ya dirisha, ya sinki kama iko, na ya namba kwa mita. Lipa kwa M-Pesa hata kama landi yuko mbele yako, juu ule ujumbe ndio risiti yako.

Usijifunge na mwaka. Lipa mwezi kwa mwezi angalau hadi probesheni iishe, juu kazi mpya ni kazi mpya, na pia unaweza kugundua kwa mwezi wa pili kwamba chumba cha mwenzako kando ya lami kinaachwa wazi. Ukitaka kuhama toa notisi kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp, tarehe ionekane. Mimi kwa ile singo ya 3,500 nilitoa notisi ya mwezi, nikaosha sakafu, nikamwonyesha Mama picha za siku niliingia. Alirudisha dipoziti hapo hapo kwa simu, akatoa 300 ya kitasa nilikuwa nimevunja mwenyewe.